Kujiandaa kuwa fundi sauti: pa kuanzia na mazoezi ya kufanya kabla hujaanza kulipwa

Wengi wanaoipenda kazi ya ufundi sauti huanzia dukani. Mtu ananunua maiki ya bei mbaya, anajaza kompyuta plagini (programu ndogo za kutengenezea sauti) za kila aina, halafu anakaa kungoja wateja. Vifaa havina ubaya, ila mwenye studio, kituo cha redio au kampuni ya kukodisha spika hatakuuliza una nini nyumbani. Anachotaka kujua ni kimoja: sauti ikikatika watu wameshakaa ukumbini, utajua imekwamia wapi? Ukiweza kujibu hilo, mengine utafundishwa ukiwa kazini. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga kwa kulifuata swali hilo.

Hatua ya 1: Chagua mlango wa kuingilia

Kazi zenyewe ni nyingi kuliko jina lake. Studio kuna anayerekodi, anayechanganya, na anayeufanyia wimbo kazi ya mwisho kabla haujatoka. Jukwaani kuna anayechanganya sauti wanayoisikia watazamaji, anayewachanganyia wanamuziki monita zao (spika za kujisikilizia wenyewe), na fundi wa mfumo anayepanga spika na kuzipima kabla wengine hawajafika. Kwenye filamu kuna mshika maiki ya mti mrefu, kuna anayerekodi mazungumzo, na kuna wale wanaokaa chumbani baadaye wakitengeneza upya nyayo, milango na upepo. Redio, televisheni, podikasti na michezo ya kompyuta nazo zina watu wao.

Huna haja ya kuamua maisha yako yote leo. Angalia tu hulka yako. Studio inamfaa mwenye subira, anayeweza kurudia mstari mmoja wa wimbo mchana kutwa bila kununa. Jukwaa linamfaa anayetulia wakati wengine wamechanganyikiwa. Mimi ningemshauri anayeanza aanzie jukwaani hata kama moyo wake uko studio, kwa sababu jukwaani kosa linajitangaza lenyewe papo hapo, ilhali studio unaweza kukosea mwaka mzima na usijue.

Hatua ya 2: Fizikia kidogo isiyokwepeka

Usiogope. Si lazima uwe bingwa wa hesabu, lakini kuna namba chache ambazo fundi huzitumia kila wiki.

Hewa ikiwa na nyuzijoto 20, sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, yaani mita moja huchukua karibu milisekunde 3. Ukiweka spika za ziada mita 34 mbele ya zile za jukwaani ili waliokaa nyuma wasikie, sauti ya jukwaani itawafikia wakiwa wameshasikia ya spika iliyo karibu, milisekunde 100 nyuma. Kila neno litasikika mara mbili. Ndiyo maana spika hizo za nyuma huchelewishwa kwa makusudi, na anayejua kuhesabu umbali huo hahangaiki kubahatisha.

Sikio la kijana mzima husikia takriban kuanzia 20 Hz (mitetemo 20 kwa sekunde) hadi 20,000 Hz. Wimbi la 50 Hz lina urefu wa karibu mita 7. La 10,000 Hz halifiki hata sentimita 4. Kwa hiyo besi huzunguka nguzo na watu bila shida, lakini sauti kali za juu huzuiwa hata na kichwa cha aliyesimama mbele yako. Hapo utaelewa kwa nini spika huinuliwa juu ya vichwa, na kwa nini jirani aliye ng'ambo ya ukuta hulalamikia ngoma tu, halalamikii mwimbaji.

Desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, ndizo huwasumbua wengi. Kariri haya matatu. Kuzidisha nguvu ya amplifaya mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu. Mahali pa wazi, ukirudi nyuma hadi umbali uwe mara mbili, unapoteza desibeli 6. Na ili mtu wa kawaida aseme sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji kama desibeli 10, ambazo ni wati mara kumi. Mteja akisema "nataka iwe kubwa mara mbili ya jana," hesabu yake hiyo hapo, na mara nyingi haiko kwenye bajeti yake.

Kuna jambo jingine lililopimwa na Fletcher na Munson mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, masikio yetu hupoteza besi, na kwa kiasi fulani zile za juu kabisa pia. Ukichanganya wimbo kwa sauti ya kutikisa madirisha utaona besi imejaa vizuri, kisha mtu akiusikiliza taratibu usiku ataukuta umekonda. Changanya kwa sauti ya wastani, ongeza kwa muda mfupi kukagua, kisha urudi.

Hatua ya 3: Ijue njia ya sauti hadi uweze kuichora gizani

Hiki ndicho kiini cha kazi. Sauti ya mwimbaji inaingia kwenye maiki na kugeuka umeme mdogo mno, wa milivolti chache. Inapita kwenye kebo hadi kwenye boksi la jukwaani, kisha kwenye mikseri, meza ya kuchanganyia sauti. Huko inakutana na priampu, ambayo kitasa chake cha geini huipandisha hadi kiwango cha kufanyiwa kazi, kiwango ambacho kwenye vifaa vya kitaalamu ni kama volti 1.23. Inapita kichujio kinachokata mngurumo wa chini, ekwalaiza inayopandisha au kukata maeneo ya sauti, kompresa inayobana sauti zinazoruka juu, halafu feda, kile kitelezi cha chini. Kutoka hapo inakwenda kwenye kundi (chaneli kadhaa zinazoongozwa kwa pamoja) au moja kwa moja kwenye matokeo makuu, inaingia kwenye amplifaya na kutoka kwenye spika. Njiani kuna vichepuo: vingine huchukua sauti kabla ya feda, kwa ajili ya monita, ili ukigusa feda ya watazamaji usimvurugie mwimbaji, vingine huichukua baada ya feda, kwa ajili ya mwangwi, ili sauti ikishuka mwangwi nao ushuke.

Zoezi ni hili. Kila mfumo utakaouona, kwenye nyumba ya ibada, ukumbi wa mikutano au studio ya rafiki, uchore kwenye karatasi kutoka maiki hadi spika. Muulize fundi wake pale usipoelewa. Baada ya michoro kadhaa utagundua mifumo yote ni ndugu, ikitofautiana kwa ukubwa na rangi za vitufe.

Sasa tuone faida yake. Msemaji amepanda, anagonga maiki, kimya. Ukumbi mzima unageuza shingo kukutazama. Asiyejua anapandisha kila feda iliyo karibu. Anayejua anatazama kwanza taa za kipimo cha chaneli ile. Msemaji akigonga na taa zikacheza, maana yake sauti imefika kwenye mikseri. Tatizo liko mbele: chaneli imezimwa, feda iko chini, haijaelekezwa kwenye matokeo, au kundi lake limefungwa. Taa zisipocheza, tatizo liko nyuma: swichi ya maiki yenyewe, kebo, soketi isiyo yake, geini iliyoshushwa hadi chini, au maiki ya kondensa, aina inayohitaji umeme kutoka kwenye mikseri, isiyopelekewa volti zake 48. Kwa kutupa jicho mara moja umeshaondoa nusu ya mashaka. Kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukianza na kebo, maana kebo ndiyo huharibika mara nyingi kuliko vyote. Na kabla mtu hajaichomoa, funga chaneli, vinginevyo mlipuko utakaotoka kwenye spika utawatisha watu kuliko ule ukimya.

Jizoeze kwa kumwomba mwenzako aharibu mfumo ukiwa nje ya chumba. Achomoe kitu, azime kitu, abadilishe soketi mbili. Ingia, tafuta. Sijui mchezo mwingine unaomkomaza fundi haraka namna hii.

Hatua ya 4: Zoeza masikio, na uyatunze

Chukua wimbo unaoujua vizuri. Weka ekwalaiza, kisha mwenzako apandishe eneo moja kwa desibeli 10 bila kukuambia ni lipi: 125, 250, 500, 1,000, 2,000, 4,000 au 8,000 Hz. Wewe kisia. Mwanzoni utakosa kosa. Fanya robo saa kila siku na polepole kila eneo litaanza kuwa na sura yake: karibu na 250 sauti inaziba na kuwa nzito, karibu na 500 inakuwa ya ndani ya boksi, 1,000 inaelekea puani, kati ya 3,000 na 4,000 inachoma, na kati ya 6,000 na 8,000 herufi "s" zinaanza kuchana. Ukizoea, punguza kiasi cha kupandisha: desibeli 6, kisha 3. Jaribu pia kukata badala ya kupandisha, ambako ni kugumu zaidi.

Mafunzo haya hulipa siku maiki inapoanza kupiga mluzi. Mluzi hutokea pale sauti ya spika inaporudi kwenye maiki, ikakuzwa tena, ikarudi tena. Ukiitambua namba yake kwa sikio utaikata eneo dogo tu bila kuua sauti nzima. Ila kabla ya kugusa ekwalaiza, rekebisha mahali. Mdomo ukisogea hadi nusu ya umbali uliokuwapo, maiki inapata desibeli 6 za bure. Maiki zisizotumika zifungwe, kwa sababu kila zinapoongezeka maradufu zinakula desibeli 3 za usalama wako. Na ujue maiki yako ni kiziwi upande gani: Shure SM58, ambayo imekuwa jukwaani tangu 1966, haisikii vizuri nyuma yake kabisa, kwa hiyo monita ya mwimbaji huwekwa mkabala na mkia wa maiki. Mwimbaji akikifumbata kichwa cha maiki kwa kiganja, mpango huo wote unavurugika. Mwambie kwa adabu, mapema, si katikati ya wimbo.

Kuhusu kuyatunza: NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya ya wafanyakazi, inapendekeza kisichozidi desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda ukatwe nusu. Desibeli 94 ni saa moja. Desibeli 100, ambazo kwenye tamasha si ajabu, ni dakika 15. Chembe za kusikia zilizomo ndani ya sikio zikifa haziotei tena. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti zote kwa usawa; vile vya sponji hukata zaidi za juu na kukuacha ukisikia tope. Hiki ndicho kifaa pekee ambacho ningekuambia ununue kabla ya kingine chochote.

Hatua ya 5: Mikono

Fundi hupimwa na fundi mwenzake kwa namna anavyokunja kebo. Usiizungushe kwenye kiwiko. Nyaya za ndani zinajipinda na kukatika. Kunja duara moja la kawaida, linalofuata ligeuze kiganja ili liingie kinyume, hivyo hivyo kwa kupokezana. Ikitupwa inafunguka moja kwa moja bila fundo.

Jifunze kusolda. Plagi ya maiki ya XLR ina pini tatu: ya 1 ni ya waya wa kinga unaozunguka wenzake, ya 2 na ya 3 hubeba sauti ileile, moja ikiwa imegeuzwa. Kelele inayoingia njiani huzigusa nyaya zote mbili sawasawa, na zikifika mikseri tofauti yao tu ndiyo huchukuliwa, kwa hiyo kelele inajifuta. Ndiyo maana kebo ya maiki inaweza kwenda mbali ilhali ile ya gitaa, yenye waya mmoja na kinga yake, huanza kuchafuka baada ya mita chache. Jipatie kebo mbovu, ikate, uisolde upya. Kumbuka kuingiza kofia ya plagi kwenye kebo kabla ya kusolda. Kila fundi unayemjua alishawahi kuifungua kazi nzuri kwa sababu hiyo.

Kuna jambo moja halina mjadala. Mfumo ukivuma ule mvumo mzito wa 50 au 60 Hz, usikate pini ya ethi kwenye plagi ya umeme, hata kama mkongwe fulani atakuonyesha kwamba mvumo unakoma. Unakoma, na kinga ya anayeshika gitaa na maiki kwa pamoja inakoma nayo. Leta umeme wa vifaa vyote kutoka chanzo kimoja, au tumia boksi la DI, linalounganisha ala kama gitaa na mikseri, lenye swichi ya kutenganisha ethi upande wa sauti.

Hatua ya 6: Kompyuta

Chagua programu moja uijue hadi vidole vijue njia. Audacity ni ya bure na inatosha kwa kukatakata mazungumzo. Ardour ni huria. Reaper unaweza kuijaribu siku 60 kabla ya kulipa. Pro Tools ndiyo utakayoikuta kwenye studio nyingi kubwa na kwenye kazi za filamu, kwa hiyo ukilenga huko itabidi uiguse. Anayeijua moja kwa kina huhamia nyingine bila taabu kubwa.

Rekodi kwa biti 24, yaani undani wa kila sampuli ya sauti. Kwa video tumia 48 kHz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, na 44.1 kHz ndiyo ya CD. Acha vilele vifike karibu na desibeli -10 kwenye kipimo cha programu. Juu ya sifuri hakuna kitu, sauti inakatwa kichwa, na ukiwa na biti 24 hupati faida yoyote kwa kuikaribia. Kwa matangazo, jifunze vipimo vya ukubwa wa sauti: Ulaya hufuata kiwango cha R 128 cha EBU, umoja wa watangazaji wa Ulaya, ambacho ni -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya kipindi kizima), na kipindi kinachozidi hapo kinaweza kurudishwa.

Ongeza mitandao ya kompyuta, hata kama hukuipenda darasani. Mikseri nyingi za kisasa husafirisha sauti kwa nyaya za mtandao, na mfumo unaoitwa Dante umeenea sana. Wenye mfumo huo, Audinate, hutoa mafunzo na cheti bila malipo. Ujue anwani ya IP ni nini, na kwamba waya mmoja wa shaba wa mtandao usizidi mita 100. Watengenezaji wengi wa mikseri za kidijitali pia hutoa bure programu za kuziongozea, na baadhi unaweza kuzifungua nyumbani bila kuwa na mikseri yenyewe. Ukiitwa kwenye kazi yenye mikseri usiyoijua, pakua programu yake na kitabu cha maelekezo usiku ule ule.

Hatua ya 7: Chuo, au chini ya fundi?

Vyote viwili vina watu waliofaulu. Ukilenga akustika ya majengo, televisheni au utengenezaji wa vifaa, chuo kitakufungulia milango ambayo kujifunza mtaani hakufungui. Ukilenga jukwaa, fundi mzuri mwenye kazi nyingi atakufundisha upesi zaidi. Kabla ya kulipa ada uliza maswali yasiyo ya heshima sana: mikono yangu itakuwa kwenye mikseri saa ngapi kwa wiki? Wanafunzi wangapi hugawana chumba kimoja cha studio? Kifaa kikiharibika hutengenezwa au hufungiwa stoo? Waliomaliza mwaka juzi wako wapi? Shirika la wahandisi wa sauti, AES, lililoanzishwa 1948, lina matawi ya wanafunzi katika vyuo mbalimbali. Ukikuta chuo chenye tawi, jiunge mapema.

Hatua ya 8: Ingia kwa mlango wa msaidizi

Nenda kwa kampuni ya sauti useme unataka kubeba maboksi. Utabandika kebo sakafuni, utaandika majina kwenye chaneli, utatumwa betri. Wakati huo ukiiangalia ile njia ya sauti ikijengwa na kubomolewa kila wiki. Omba kuandika orodha ya chaneli: namba, chombo, maiki, kebo inayoingia soketi ipi. Ni kazi ya kukaa kimya na karatasi, lakini anayeishika orodha hiyo ndiye huulizwa kwanza kitu kikikwama, na hapo ndipo jina lako linaanza kujulikana.

Mkobani weka kipima kebo, hedifoni iliyofungwa, kebo moja ya akiba, plagi za kubadilishia, boksi la DI, tochi, utepe wa kitambaa, kalamu ya wino mzito, betri, na wimbo wako wa kupimia spika ukiwa kwenye faili lisilobanwa.

Jifunze pia kuongea na wasanii. Mwimbaji akisema "sijisikii," kishawishi ni kumwongezea. Anza kwa kupunguza gitaa na ngoma kwenye monita yake. Mara nyingi ataonyesha dole gumba kabla hujamgusa yeye, na mluzi utakuwa umeuepuka.

Sampuli za kazi zako ziwe za aina ya kazi unayoomba. Kwa studio, weka wimbo kabla na baada ya kuuchanganya. Kwa filamu, chukua kipande kifupi ulichopiga wewe au rafiki, ondoa sauti yote, uijenge upya. Kwa jukwaa, orodha ya shughuli na nafasi uliyoshika katika kila moja inatosha, pamoja na mtu wa kupigiwa simu.

Malipo yakianza, yaandikwe kabla ya siku ya kazi, hata kwa ujumbe wa simu: saa za kuanza na kumaliza, nani analipia usafiri, muda ukizidi inakuwaje, malipo ya awali ni kiasi gani. Ukiwa umerekodi, weka nakala tatu, moja ikiwa nje ya jengo, na mwambie mteja kwa maandishi utamtunzia mafaili hadi lini. Tarehe hiyo ikipita, mpigie mara moja uone kama ameshachukua yake, ndipo ufute.